Kilima cha Majani Yasiyooza

Jua lilikuwa linakaribia kuzama, na mraba uliobaki kupimwa ulikuwa mmoja tu.

"Mama, tushuke," mlinzi alisema tena. Alikuwa amesimama chini kidogo kwenye mteremko, rungu kwapani, macho yakitazama kila upande isipokuwa juu. "Huo utaumalizia kesho. Kilima hakina miguu."

"Dakika chache tu, mzee."

"Dakika chache ndizo zinazopeleka watu pabaya."

Aliyeomba dakika chache alikuwa mwanamke wa makamo, mtaalamu wa mimea, ambaye wenzake ofisini walimbandika jina la Mama Fremu. Ni kwa sababu ya ile fremu ya mabomba ya plastiki aliyoibeba begani kila alikokwenda, kama mtu aliyeng'oa dirisha la nyumba yake akawa anatafuta ukuta wa kulitia. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Anailaza fremu chini, anapiga magoti, anakagua kilichoota ndani yake. Mche upi umeshika, upi umekufa, nyasi zimefunika kiasi gani, udongo unanywa maji au unakimbia nayo. Kisha anasogea mbele. Mwisho wa yote anatakiwa aseme kama ardhi iliyochimbwa na kuachwa uchi imepona, au imevalishwa nguo tu.

"Kijani si uzima," alizoea kusema. "Hata ukungu ni kijani."

Kilima alichokuwa anakipima hakikuwa kilima cha Mungu. Kilikuwa shimo la mgodi, lililojazwa kifusi mpaka likafurika, likamwagiwa udongo mzuri juu, likapandwa miti na nyasi. Na chini ya kifusi hicho alikuwemo mume wake.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchoronga miamba, kuitoboa kwa mashine. Jina lake la mgodini lilikuwa Kicheko, na hawakumpa bure. Alicheka akila, alicheka akiumwa, alicheka hata usingizini, mpaka mkewe akawa anamsukuma kwa kiwiko: "Wewe, unacheka na nani huko?" Alasiri moja ukuta wa shimo ukaporomoka, watu wakiwa chini. Kampuni ikachimba siku kadhaa, kisha ikaacha. Ikasema udongo umelegea, ukiguswa zaidi utawameza na waokoaji. Walio chini hawakuitwa marehemu. Tangazo lilisema "hawajapatikana". Baadaye mgodi ukafungwa, shimo likajazwa, na habari yao ikaishia hapo.

Hapakuwa na maiti. Hapakuwa na kaburi. Hata matanga hayakuwekwa, maana mama yake Kicheko alisimama mlangoni akawarudisha watu waliokuja na maturubai. "Nimlilie nani?" aliwauliza. "Kuna aliyemwona?" Wakakunja maturubai yao wakaondoka.

Kwa hiyo mkuu wa ofisi alipomwambia Mama Fremu, kwa sauti ya kubembeleza, kwamba kazi ya kilima kile angeweza kupewa mtu mwingine, alikataa. Wengine wana kaburi la kwenda kulipalilia. Yeye alikuwa na kilima.

Kuna jambo moja lililokuwa likimtafuna, na hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa amesahau jinsi mumewe alivyocheka. Sura yake aliikumbuka. Harufu yake ya sabuni na baruti aliikumbuka. Bega lake la kushoto lililoshuka kwa uzito wa mashine, alilikumbuka. Lakini kile kicheko chenyewe... kila alipokitafuta alikuta kimya, kama chumba kilichohamwa. Mjane gani husahau kitu kama hicho? Usiku mwingine alijichukia kwa ajili yake.

Akailaza fremu kwenye mraba wa mwisho. Akapiga magoti.

Kilima hicho kilikuwa kimemsumbua tangu asubuhi. Kule chini mambo yalikuwa ya kawaida: mche huu umekauka, ule umeliwa na mbuzi, nyasi zina mabaka, siafu wanakatiza njia. Ndivyo ardhi inayojikongoja inavyokuwa. Lakini huku juu hakuna mche uliokufa. Hata mmoja. Ni kiangazi, na majani yanang'aa kana kwamba mvua imenyesha jana. Udongo mbichi.

Na hakuna mdudu chungu. Hakuna panzi. Hakuna ndege anayetua.

Akafukua kwa vidole chini ya mti. Majani yaliyodondoka yalikuwa yamelaliana tabaka juu ya tabaka, na la chini kabisa lilikuwa zima kama la juu. Laini. Kijani. Hakuna lililooza. Akatafuta maua, hakuna. Akatafuta mche uliojiotea wenyewe, bila kupandwa na mkono wa mtu, hakuna.

Ardhi yenye uhai hula vilivyokufa ikavirudisha vikiwa hai. Hii ilikuwa haili kitu.

Ndipo alipousikia mlio.

Kwa... kwa... kwa...

Majembe. Taratibu, yakipishana, kama kikosi cha wapanda miti. Aligeuka kumwuliza mlinzi ni nani hufanya kazi saa hizi. Mlinzi alikuwa ameshuka mbali. Alikuwa amempa kilima mgongo, na viganja vyake vilikuwa masikioni.

Harufu ikamfikia. Tope la chini sana, lisilowahi kuona jua. Na baruti.

Wakatokea kati ya miti, wamejipanga mstari. Wanaume. Nguo zao za kazi zilikuwa na rangi moja na vumbi. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyemsemesha mwenzake. Wanainama, wanachimba, wanaweka mche, wanafukia, wanasogea. Wanainama, wanachimba... Wakampita kama maji yanavyopita jiwe.

Wa mwisho mstarini bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka.

Aliweka mche. Akaukandamiza udongo kwa kisigino, mara mbili, kisha akauzungusha mguu kidogo, kama mtu anayezima kipande cha sigara. Kuna mwembe nyuma ya nyumba yao ya kwanza uliopandwa vivyo hivyo.

"Kicheko," Mama Fremu alinong'ona.

Majembe yote yakanyamaza.

Mwanamume yule akageuka nusu. Uso ulikuwa wake. Kovu kidevuni lilikuwa lake. Lakini macho yalimpita mkewe yakaenda mbali nyuma yake, kama macho ya mtu anayesikia jina analohisi aliwahi kulisikia mahali. Mashavu yake yakapanda. Mdomo ukafunguka, kama anayetaka kucheka.

Haikutoka sauti.

Ulitoka udongo.

*

Hakukumbuka alivyoshuka. Alijikuta kwenye kibanda cha mlinzi, fremu kaiacha huko huko, kiatu kimoja hana, na mlinzi amemshika mabega.

"Umemwita?"

"Mzee, kule juu kuna..."

"Najua kuna nini kule juu. Nakuuliza, umemwita? Jina lake kamili?"

"La utani. Nimemwita Kicheko tu."

Mlinzi akapumua kama mtu aliyetua gunia. "Afadhali. Hilo halimpeleki popote." Akaketi kwenye kigoda chake, na ghafla alionekana mkongwe. "Mdogo wangu yumo mle. Wa tatu kutoka mbele. Ndiyo maana kila wakitaka kunihamisha nakataa. Sipandi juu jioni, nisije nikamwona nikashindwa kujizuia. Lakini nikijua yupo... basi, nakaa hapa karibu naye."

"Nani amewafanya hivi?"

Mlinzi alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko mlio wa majembe.

"Kamwulize mama mkwe wako."

Mama mkwe ndiye aliyekuwa na kitalu cha miche chini ya kilima. Mti wowote uliopandwa kule juu ulitoka mikononi mwake. Ndiko Mama Fremu alikofikia wiki hiyo, maana hata kama mume hayupo, ukoo haujafa. Alimkuta bibi yule uani, kati ya safu za viriba vya plastiki vyenye miche, ananawa tope mikononi.

Akamtazama mkamwana wake mguuni, mguu usio na kiatu. Akajua.

"Umemwona," alisema. Halikuwa swali.

"Mama..."

"Amekonda?"

Swali lile lilimvunja Mama Fremu. Alikuwa amekuja na hasira, amekuja na maneno makali. Akaketi chini kwenye mchanga kati ya miche akalia kama mtoto. Mama mkwe akaketi kando yake. Yeye hakulia.

"Waliposimamisha kuchimba," alianza, kwa sauti ya chini, "nilikwenda kwa mtu. Usiniulize wapi. Mtu anayejua mambo. Nikamwambia, nirudishie mwanangu. Akaniuliza, akurudie vipi? Nikasema, vyovyote vile."

Akasugua tope lililobaki kwenye kucha.

"Vyovyote vile, mwanangu. Mwanamke akifiwa asiachwe aongee peke yake. Kama ungekuwepo siku ile ungenifunga mdomo."

"Na wale wengine?"

"Sikuwaomba. Walikuwa pamoja shimoni, nadhani walishikana. Ukivuta mzizi mmoja, mingine inafuata." Alichukua kiriba kimoja akakibinyabinya. "Akaniambia watakuja jua likizama, watafanya kazi, watarudi chini. Akanipa na sharti. Siku nitakayomwita jina lake kamili nikamwambia amekufa, ndiyo siku nitakayompoteza. Tangu hapo sijalitamka jina lile. Hata nikiomba Mungu namwita 'yule'."

Mama Fremu alifungua kiganja. Alikuwa ameshuka na majani ya kule juu bila kujua, ameyafumbata. Akayaweka mapajani mwa mama mkwe.

"Wewe ni mtu wa udongo, mama. Haya yamedondoka tangu miti ipandwe. Umewahi kuona jani lisilooza?"

Bibi aliligeuza jani moja upande wa pili.

"Anakula?"

"Hali."

"Anakutambua?"

"Nikisimama mbele yake huwa anasimama. Hiyo inatosha."

"Anacheka, mama?"

Maji ya bomba yalikuwa yakidondoka kwenye beseni, to... to... to...

"Hawezi," mama mkwe alisema mwishowe. "Yule mtu hakutaka kuku wala mbuzi. Alitaka kitu kimoja cha mwanangu mwenyewe, kitu ambacho watu wote walimjua nacho. Nikajiambia, kicheko ni nini? Upepo tu wa mdomoni. Nikampa."

Mama Fremu akakumbuka usiku wote ule aliojichukia. Kumbe hakusahau. Aliibiwa.

"Hata mimi sikikumbuki," bibi alinong'ona. "Nilimzaa mimi. Nilikuwa wa kwanza kukisikia. Najaribu, najaribu... hamna kitu."

"Twende kwake akirudishe."

"Alikufa mwaka jana. Kaenda nacho."

Wakakaa kati ya miche mpaka giza likaingia sawasawa. Hakuna aliyewasha taa. Mama Fremu alimbembeleza amwache mwanawe aende, maana jani lazima lioze, akabembeleza tena. Alisema yeye mwenyewe atapanda amwite. Mama mkwe akatikisa kichwa: fundo la kwanza hufunguliwa na aliyelifunga, ndipo mengine yafuate. Mama Fremu akasema basi waende wote. Bibi akainuka akaingia ndani, na kwa muda mrefu ikasikika sauti ya sanduku likifunguliwa na kufungwa. Alipotoka alikuwa ameshika shati la bluu, lililopigwa pasi, lenye mikunjo ya siku nyingi.

"Nilimwekea," alisema. "Nilidhani atarudi akiwa na baridi."

*

Kesho yake jua lilipoanza kulegea walipanda, wanawake wawili, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Mlinzi aliwafungulia lango.

Walikaa kwenye nyasi zile zisizo na wadudu wakangoja. Upepo ulikufa. Mama mkwe alikuwa ameliweka shati magotini na kulipapasa kana kwamba lina mtu ndani yake.

Kwa... kwa... kwa...

Wakaja.

Safari hii Mama Fremu hakukimbia. Aliwatazama wakipita, mmoja baada ya mwingine, nyuso alizozijua za watu waliowahi kula nyumbani kwake. Na alipofika yule wa mwisho, mama mkwe akasimama mbele yake. Naye akasimama.

Bibi alilowesha ncha ya nguo yake kwa ulimi, akamfuta mwanawe tope kwenye shavu. Akamfuta kwenye nyusi. Akamfuta pembeni mwa mdomo, kama wanavyofutwa watoto kabla ya kwenda shule. Akamvika shati juu ya vumbi lile, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Mwanamume alisimama tu, mikono imening'inia.

Mama Fremu akaushika mkono wake. Ulikuwa mzito, wa baridi, na chembechembe za kokoto zilikuwa zimeingia chini ya ngozi. Lakini ulikuwa mkono ule ule. Kidole gumba kilikuwa kile kile kipana, kilichokuwa kikimsugua nyuma ya shingo akichoka. Na pale, akiwa ameushika, yeye aliyebembeleza mpaka usiku, yeye aliyesema jani lazima lioze, moyo wake ukageuka.

"Mama," alisema. "Subiri."

Mama mkwe akamtazama.

"Kidogo tu, mama. Leo tumwache. Tutakuja kesho."

"Ndivyo nilivyosema mimi," bibi alijibu taratibu. "Kidogo tu. Mwachie mkono, mwanangu."

"Siwezi."

"Najua. Mwachie."

Alimwachia. Mpaka leo anasema hakuna kitu kizito alichowahi kukishusha kama mkono ule.

Mama mkwe akaushika uso wa mwanawe kwa viganja viwili. Akamwita jina lake. Si lile la mgodini. Ni lile alilompa mwenyewe siku alipomzaa, pamoja na la baba yake na la babu yake, lote kamili.

"Umekufa, mwanangu," alimwambia. "Siku nyingi. Ukuta ulikuangukia. Mimi ndiye niliyekuzuia, si Mungu. Nisamehe. Nenda ukapumzike."

Macho yale yaliyokuwa yanatazama mbali yakarudi karibu. Yakamwona mama. Yakamwona mke. Kwa pumzi moja tu alikuwa yeye, mzima, mwenye haya ya mtu aliyekutwa amelala mahali pasipofaa.

Kisha akaketi. Akajilaza ubavu, mkono chini ya shavu, kama alivyokuwa akilala. Na udongo ukampokea, polepole, bila kelele, mpaka kola ya shati la bluu nayo ikazama.

Mama mkwe hakuwa amelia tangu shimo lilipoporomoka. Siku hiyo alilia. Alilia kwa sauti iliyoteremka kilima kizima, na chini kule langoni mlinzi akavua kofia.

Wanawake hawakugundua mara moja kwamba majembe yalikuwa hayajaanza tena.

Walipoinua vichwa, wale wanaume wote walikuwa wamegeuka. Walikuwa wamesimama mstari, mikono imening'inia, wakiwatazama.

Walikuwa wanangoja zamu yao.

*

Asubuhi yake, mahali alipolala Kicheko, nyasi zilikuwa zimekuwa njano. Majani yalikuwa yameanza kuwa meusi kingoni. Na katikati, mstari mwembamba wa chungu weusi ulikuwa unapita, kila mmoja na mzigo wake. Mama Fremu aliwatazama mpaka jua likamchoma shingo. Ofisini aliandika kwamba sehemu ya juu ya kilima bado haijapita ukaguzi, lango lisifungwe, watu waachwe wapite. Mkuu wake alishangaa: mbona picha zinaonyesha huko ndiko kunakostawi? Akamwambia, "Niamini mimi. Huko ndiko hakujapona."

Habari hazikutangazwa. Mlinzi ndiye aliyezipeleka, nyumba kwa nyumba, kwa kunong'ona. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kupanda. Aliporudi alikuwa amebadilika sauti, akasema tu, "Alikuwa na kiu, maskini." Wakafuata wengine. Baba aliyeletwa kwa baiskeli. Mjane aliyekwisha kuolewa tena, na mume wake mpya akiwa amemsindikiza mpaka langoni, amesimama kwa heshima. Dada wawili walioshikana mikono. Kila jioni mtu mmoja alipanda na jina, akashuka bila jina. Na kila asubuhi kipande kingine cha kilima kiligeuka njano, kikaanza kuoza kama inavyostahili.

Mpaka nyumba zikaisha.

Wote waliotajwa kwenye tangazo la kampuni walikuwa wameitwa, na wote walikuwa wamelala. Lakini jua lilipozama, kwa... kwa... kwa... jembe moja lilikuwa bado linachimba.

Alikuwa kijana. Hakuna aliyemjua. Watu waliitwa kuja kumtazama, wachimbaji wa zamani, wapishi wa kambi, wote wakatikisa vichwa. Labda alikuwa kibarua wa siku moja, aliyeingia shimoni asubuhi ile na hakuna aliyemwandika. Labda mahali fulani yuko mama anayesema mwanangu alikwenda mbali, siku moja atarudi. Hilo ndilo walilolisema kwa sauti. Mzee mmoja wa mgodini alisema jingine, kwa sauti ya chini, akiwa ameshaanza kushuka: kwamba nguo alizovaa yule kijana hazikuwa za mgodi ule, na kwamba inawezekana alikuwa humo chini kabla shimo halijachimbwa.

Mama mkwe akasema atamtafutia jina. Kila jioni alipanda na kigoda, akaketi karibu naye wakati anapanda miche, akawa anamjaribia. Majina ya kwao, majina ya mbali, majina ya wazee, majina ya siku na ya misimu. Anataja, anangoja. Kijana anainama, anachimba. Anataja jingine.

"Atalipata," mlinzi alimwambia Mama Fremu kwa simu. "Mama yako ana subira ya ardhi."

Mvua zilipopita, Mama Fremu alirudi na fremu mpya kufanya upimaji mwingine. Alipiga magoti karibu kila hatua kwa furaha iliyochanganyika na machozi. Miche ilikuwa imekufa mingi, na chini ya mizoga yake ilikuwa inachipua mingine isiyopandwa na mtu. Kulikuwa na panzi. Kulikuwa na kinyesi cha ndege chenye mbegu. Kilima kilikuwa kinanuka uozo mzuri, ule wa msitu.

Isipokuwa sehemu moja, juu kabisa. Pale palikuwa pamestawi sana.

Alimkuta mama mkwe kitaluni anapakia miche kwenye karai. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa amesuka nywele. Kwenye kamba ya nguo lilikuwa limeanikwa shati la kiume, jipya, la bluu.

"Umelipata jina lake, mama?"

"Bado," bibi alisema, akitabasamu. Ni tabasamu ambalo Mama Fremu hakuwa ameliona kwake tangu msiba. "Siku hizi sitafuti sana. Juzi nilichoka, nikamwita tu 'mwanangu'. Akaitika."

"Akaitika... vipi?"

Mama mkwe akajitwika karai, akashika na ndoo ya maji.

"Acha nipande, jua linazama. Hapendi kungojeshwa."

Akatoka. Mama Fremu alibaki katikati ya viriba, akimwona anapita langoni, anaanza mteremko, mwepesi kama msichana. Ndipo alipopata nguvu ya kukimbia mpaka langoni. Akaita kwa sauti yake yote:

"Mama!"

Mama mkwe hakugeuka.

Lakini kutoka juu kilimani, kwenye ile miti iliyostawi, sauti nzito, yenye udongo ndani yake, ikamjibu kwa neno lile lile, polepole, kama mtu anayejifunza kusema:

"Ma... ma."